Salamu Niliyoitoa Nikiwa Wima

Tunduma, Jumapili, mwishoni mwa Oktoba 2013

Upepo tangu asubuhi. Vumbi la Tunduma mwezi huu halina adabu, linaingia mpaka kwenye chai. Mawingu yapo upande wa Zambia, ila mvua bado haijaamua. Niko dukani kwa dada yangu Tabia, duka la fotokopi karibu na stendi. Jumapili hapokei wateja, anapanga karatasi zake tu, kwa hiyo kompyuta ni yangu na kelele ni za malori yanayosubiri kuvuka.

Nina aibu. Naanza na hilo nisije nikazunguka.

Wiki iliyopita niliandika kwenye ukurasa huu huu kwamba goti langu limepona kabisa, nikaweka na picha nimeruka, mpira mkononi. Mlinipongeza. Mmoja aliandika "Mlingoti amerudi", jina langu la uwanjani, nikamjibu kwa vicheko vingi. Ile picha ni ya zamani, ilipigwa Blantyre, nikiwa bado na magoti mawili. Goti halijapona. Daktari wa Mbeya aliyelitazama alisema halitapona, na hilo sikumwambia mtu yeyote, hata dada yangu huyu ambaye nakaa kwake.

Kwa mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu. Msianze kushangilia. Wapo wachezaji ambao timu nzima hujengwa kuwazunguka, na wapo wa aina yangu, wanaopigiwa simu mtu mwingine akivunjika. Nimeishi kwa kuvunjika kwa wenzangu. Mtu anaanguka Ndola, simu inalia Mwanza, nami nachukua begi.

Nilianza shuleni Mbeya, mwalimu wa jiografia aliponiona nafuta ubao mpaka juu kabisa bila kupanda kiti. Baadaye nikachukuliwa Dar es Salaam na timu ya shirika moja la umma. Kwenye karatasi nilikuwa karani wa stoo, lakini sikuwahi kujua ufunguo wa hiyo stoo unakaa wapi. Kisha shirika likabinafsishwa. Mwenye mali mpya alikuja kukagua, akatukuta tumekaa nje kwenye benchi tunafunga kamba za viatu, akauliza hawa warefu wanafanya nini hapa. Tulitazamana. Mwezi uliofuata hatukuwa na kazi.

Baada ya hapo maisha yangu ni begi. Mwanza kwa mfanyabiashara wa samaki aliyependa kikapu, mpaka alipoacha kukipenda. Arusha. Kampala msimu mmoja. Ndola, Blantyre, Mwanza tena kwa timu nyingine, Ndola tena, Lusaka. Zambia waliniita ba Tanzania, kwa heshima kabisa. Nikirudi Dar wananiita Mzambia. Kazi yangu uwanjani si ngumu kuieleza: mrefu wa timu akijaza faulo, naingia mimi, nasukumana na mrefu wa wenzetu chini ya goli, nadaka mipira inayorudi, namaliza faulo zangu, natoka. Magazetini jina langu lilitokea kwa nadra, na mara nyingi lilikosewa. Timu ya taifa niliitwa kambini, nikaachwa siku ya kugawa jezi.

Silii. Niliipenda kazi hiyo. Kuna raha ya kukaa benchi ukiwa umejifunika taulo, halafu kocha anageuka anakutazama wewe na si mwingine. Kwa raha hiyo nimelala kwenye vitanda vya gesti vya miji mingi, miguu ikining'inia nje.

Elina nilimpata hapa hapa Tunduma. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya uhamiaji nikielekea Ndola, naye akiuza vitenge pembeni. Nilipotaka kusogea akaniomba nisisogee, kwa sababu nilikuwa namkinga jua. Basi nikabaki. Hiyo ndiyo mara pekee ambayo mtu amewahi kuniomba nisiondoke mahali, na baada ya kumuoa nikamlipa kwa kumhamisha kila msimu. Mtoto wetu Faraja alianza darasa la kwanza Mwanza kwa Kiswahili, akalianza tena Ndola kwa Kiingereza na Kibemba cha uani. Mwezi wa tatu mwaka huu, tukiwa Lusaka, nilimwambia Elina ni msimu mmoja tu wa mwisho. Hakugombana. Alikunja nguo za mtoto moja moja, akaniambia Faraja atasoma mahali pamoja, wakapanda basi kurudi kwa baba yake.

Wiki chache baadaye nikatua vibaya. Hakuna aliyenigusa, ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilidaka mpira, nikashuka, goti la kushoto likaenda kwake na mimi kwangu. Gegedu limelika lote. Sasa linakunjika mpaka kufikia kukaa kwenye kiti. Zaidi ya hapo linagoma, na ukililazimisha linakutoa machozi. Nilihamia kwa dada Tabia nikisema nimemkumbuka. Ukweli ni kwamba ana choo cha kukaa.

Hali ikiwa hivyo, mwezi huu simu ikaita kutoka Kitwe, Zambia. Meneja wa timu ambaye tulijuana zamani. "Mulishani, ba Tanzania! Goti shani?" Nikamjibu kwa Kibemba changu cha sokoni, goti bwino, goti zima. Akasema mrefu wao ameumia, nifike Novemba wanione kwanza, na nikiwafaa kuna mkataba na nyumba ya vyumba viwili. Neno "kwanza" nililiacha kwenye simu. Kwenye kichwa changu nilibaki na mkataba na nyumba.

Mkataba na nyumba ndivyo nilivyovihitaji. Mzee Silwimba, baba yake Elina, alikuwa ameshatuma ujumbe: kama namtaka mke wangu na mtoto, nije na mtu mzima wa kwetu, nieleze nitawaweka wapi.

Jana nikaenda.

Mtu mzima wa kwetu ni baba mdogo Lazaro, mdogo wake marehemu baba, mkulima wa kahawa kule Hasamba, karibu na Vwawa. Ameshazeeka, kidevu chote ni mvi. Alifika Tunduma tangu Ijumaa akiwa na koti lake la kanisani kwenye mfuko wa nailoni ili lisishike vumbi. Tukanunua sukari na kitenge cha mama mkwe, tukapanda bodaboda mbili kwenda kijijini kwa wakwe. Kijiji sikitaji, wenyewe wanajijua. Njia nzima mguu wangu wa kushoto ulikuwa umenyooka pembeni kama tawi, dereva akinigombeza kwamba nitagonga watu.

Lazima nieleze salamu, maana kila kitu kiliharibikia hapo.

Wakwe zangu ni Wanamwanga. Kwao, na hata kwetu Wanyiha, mkwe hafiki akapeana mikono kama watu waliokutana stendi. Unasimama mbali kidogo, unachuchumaa, unapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili vitoe sauti nzito. Unabaki chini hapo hapo mpaka mzee akuitikie na kukuambia inuka. Elina ndiye aliyenifundisha kabla ya harusi. Alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, anasema nikichuchumaa nafanana na ngazi inayokunjwa. Lakini nilijua kuifanya, na mzee aliipenda. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba yule mrefu anashuka vizuri.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda barazani, na wazee wenzake wawili. Baba mdogo alivua kofia, akashuka. Akashuka yote, bila kushika kitu, koti la kanisani likagusa vumbi, akaanza makofi. Mzee Silwimba akaanza kumuitikia kwa Kinamwanga, taratibu, kama inavyotakiwa.

Mimi nikabaki wima kando yake.

Ingetosha kusema baba, nisamehe, goti langu ni bovu. Mtoto mdogo angeyasema hayo. Lakini nilikwenda pale kuuza goti. Nilikwenda kusema nimepata timu, nitaruka, nitapewa nyumba, nipeni mke wangu. Ningeanzaje na goti bovu? Na kulikuwa na jambo jingine chini ya hilo, nalo naliandika kwa sababu hapa hakuna anayeniona uso: niliona heri wanidhanie nina kiburi kuliko wajue nimekwisha.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Shikamoo, baba."

Mzee aliutazama ule mkono, kisha akanitazama uso, na ilibidi ainue kichwa sana. Akakiacha Kinamwanga, akanijibu kwa Kiswahili. "Marahaba. Barabara ya Tunduma ni hiyo hiyo uliyojia. Ukifika kanisani, shika mkono wa kulia."

Nikadhani macho yake yamechoka na uzee. Nikasema, "Baba, ni mimi, mkweo."

"Aa, ni mkwe? Mimi nikafikiri mpita njia. Hapa kwetu anayesalimia amesimama huwa anauliza njia."

Hakuna aliyecheka. Wazee wenzake waliangalia chini. Baba mdogo alikuwa bado amechuchumaa, makofi yamemkatikia mikononi, akajaribu kuniokoa. "Mzee mwenzangu, mtusamehe sana. Kijana amechoka na safari."

Alikuwa amenifungulia mlango mzima. Nilichotakiwa kufanya ni kupita. Mimi nikasema, "Hapana, sijachoka. Ni vile huko tulikokaa tumezoea kusalimiana kwa mkono."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu, mbele ya baba yangu mdogo aliye chini.

Elina alitoka ndani amebeba kiti, kile kirefu cha mbao chenye mikono, akakiweka nyuma yangu bila kunitazama wala kunisalimu. Mkwe anatakiwa akae chini kuliko wazee, kwenye mkeka au kigoda kifupi. Kwenye kile kiti nilikuwa juu yao wote, hata juu ya mzee mwenye nyumba. Nikajua ananikomoa, anataka baba yake anione nilivyo. Lakini goti lilikuwa linawaka moto kutokana na ile bodaboda, nikakaa, nikanyoosha mguu mbele yao wote.

Faraja alikuja mbio. Amerefuka jamani, atakuwa mimi. Alitaka kukaa kwenye paja la kushoto, ndiko alikozoea tangu mdogo, nami nikamwinua haraka nikamhamishia kulia. Elina alikuwa amesimama mlangoni. Sikujali kama ameona.

Kisha nikaongea. Niliongea vizuri, nina kipaji hicho, mnaonisoma mnakijua. Nikawaambia kuhusu Kitwe. Nikawaambia timu ilikuwa inanitafuta mimi hasa, nyumba ina vyumba viwili na shule iko karibu, mambo ambayo sikuwa nimeulizia hata moja. Nikawaambia niko imara kuliko miaka yote, nafanya mazoezi kila alfajiri. Walikuwapo wazee watatu, baba yangu mdogo, mama mkwe jikoni na mke wangu mlangoni. Hakuna aliyenikatisha. Sasa najua kwa nini, lakini jana nilidhani wamevutiwa.

Elina aliuliza swali moja tu. "Umeshasaini?"

"Bado kidogo tu," nikasema. "Ni msimu mmoja, mama Faraja, halafu basi."

Akarudi ndani. Nilisikia anapanga vyombo.

Mzee Silwimba akazungumza na baba mdogo, kwa Kiswahili ili nisikie. "Mzee Lazaro, nashukuru umekuja. Leo nimepokea mgeni mmoja. Siku mtakayokuja wawili, tutaongea habari ya hawa watoto."

Tukapewa chakula, wali na kuku, hawakutunyima kitu. Hiyo ndiyo iliyozidi kunichoma. Faraja alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akaniuliza Kitwe ni darasa la kwanza tena au la pili.

Tuliposhuka hapa stendi, baba mdogo alilivua lile koti, akalikung'uta upande uliogusa chini, akalikunja na kulirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni. Nikaanza kumweleza kwamba wale wazee ni watu wa mambo ya kizamani. Akanizuia kwa mkono.

"Jana nilitoka Hasamba kuja kusimama na wewe," alisema. "Leo umeniacha chini peke yangu."

Akaenda kulala kwa rafiki yake wa kanisani. Kwa dada hakuja. Asubuhi hii amepanda gari la Vwawa bila kuniaga, na ni mtu ambaye hata akienda dukani huaga.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Nilikuwa nimeshaanza kuizoea, nikipanga jinsi nitakavyoenda Kitwe na kurudi na karatasi iliyosainiwa, niwaonyeshe wote. Nilikuwa nakunywa chai yenye vumbi nikijitetea kichwani. Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Elina.

"Baba Faraja, goti ni la kushoto au yote mawili?"

Niliusoma nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Niliandika "goti gani?" nikafuta. Niliandika kwamba ni uchovu wa pikipiki, nikafuta na hiyo. Mwishowe nikaandika maneno ambayo tangu mwezi wa nne sikuweza kuyaandika.

"La kushoto. Halikunjiki tena."

Jibu lake lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa refu, kwa mtu asiyependa kuandika.

"Nilijua uliposhuka kwenye pikipiki. Kile kiti ni cha bibi, tangu alipougua. Siku hizi hatukitoi ila kwa mgeni mgonjwa. Nilipokiweka baba alielewa na wale wazee walielewa. Alikuwa anasubiri useme mwenyewe."

Mungu wangu.

Kwa hiyo hakunikomoa. Alinisemea. Alitoka nje na kusema kwa kiti kile nilichoshindwa kusema kwa mdomo, akanifunika mbele ya baba yake, akanipa nafasi ya kumalizia. Na mimi nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa nikisimulia jinsi nitakavyoruka. Wote walikuwa wanajua. Kila nilichosema kuhusu mazoezi ya alfajiri, wazee watatu walikuwa wanatazama mguu ulionyooka mbele yao na kunywa togwa. Waliniacha niseme kwa sababu walikuwa wanasubiri nifike kwenye ukweli, nami nikaongea mpaka nikaupita.

Mpita njia. Lile neno lilinikera jana kwa sababu nilidhani ni tusi la mzee mwenye hasira. Leo nimelikalia kutwa nzima na naona lilikuwa jina langu la kazi. Hakuna timu niliyoichezea ambako mtu aliniuliza mwakani utakuwa wapi, na mimi sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa nafika, nafanya faulo zangu, naondoka. Nilioa vivyo hivyo. Hata binti yangu anaona kuhama ni kurudi darasa la kwanza.

Nimepiga simu Kitwe. Nilimwambia meneja siji, goti limekwisha, nilimdanganya. Akasema amenielewa mukwai, kwa lile neno lao la heshima, nijitunze. Halafu akaniuliza kama namfahamu mrefu mwingine aliye huru. Nikampa jina la mwenzangu mmoja wa Mbeya, tulicheza wote Arusha, yuko nyumbani hana timu. Nadhani sasa hivi anatafuta begi. Safari hii ni yeye atakayeishi kwa kuvunjika kwangu, na sina kinyongo, ingawa nilipokata simu nililia kidogo na dada Tabia alijifanya anahesabu karatasi.

Naye nimemwambia. Akasema alijua siku nyingi kwamba sikumkumbuka yeye, nilikumbuka choo.

Kisha nikampigia baba mdogo. Huyu nilimwogopa kuliko meneja. Alikuwa ameshafika Hasamba, nasikia kuku nyuma yake. Nikamwamkia, akaitikia kwa ufupi. Nikamwambia yote: daktari wa Mbeya, choo cha dada, Kitwe, kiti cha bibi. Nikamwambia nilimwacha chini kwa sababu niliona aibu kuwa na goti bovu mbele ya wazee wenye magoti mazima. Nilimwomba msamaha, mara mbili.

Nikamsikia anafukuza wale kuku, kisha akarudi kwenye simu.

"Sasa Jumamosi tukienda tena utasalimiaje?" aliuliza.

Nikamwambia sijui. Kuchuchumaa siwezi, kupiga magoti siwezi.

"Basi utakaa chini kabisa. Matako kwenye udongo, miguu mbele, kama akina mama kwenye mkeka. Utapiga makofi yako hivyo hivyo."

Nikasema watatucheka, mwanaume kukaa vile ukweni.

"Wacheke," akasema. "Na mimi nitakaa vile vile kando yako. Koti nitaliacha nyumbani."

Elina hajasema atarudi, na sijamuuliza. Jumamosi mzee akiniuliza nitawaweka wapi, nitamwambia hapa Tunduma, na akiniuliza kazi gani, nitamwambia sijui bado. Sijawahi kusema maneno hayo mahali popote. Ile picha ya Blantyre nimeiondoa. Mliopongeza, mnisamehe.

Nimejaribu hapa dukani kabla ya kuandika mstari huu. Nimesukuma boksi za karatasi pembeni, nikashika ukingo wa meza, nikaenda chini polepole mpaka nikakaa sakafuni, miguu yote miwili mbele yangu, viatu vinafika karibu na mlango. Nikakunja viganja, nikapiga makofi mazito ya Elina. Kushuka nimeweza. Kuinuka nimeshindwa, nikamwita dada.